Kiti cha Nyuma cha Chiriku

Mapenzi hayana adabu. Ukiyafukuza mlangoni yanaingilia dirishani, na ukiziba dirisha yatavaa miwani ya jua na wigi, yapande gari la watu na kukaa kiti cha nyuma kama mgeni wa heshima. Hivyo ndivyo alivyofanya Chanuo siku ile, na mpaka leo hajasema anajuta.

Chanuo si jina alilopewa na mama yake. Ni jina la saluni. Wateja walimbandika kwa sababu hajapata kuonekana, iwe kazini au harusini, bila chanuo limechomekwa nyweleni. Alikuwa msusi anayetafutwa, na mmoja wa waliomtafuta alikuwa Chiriku, yule mwimbaji ambaye wimbo wake ukipigwa hata waliogombana huanza kutikisa kichwa pamoja. Dereva wa Chiriku ndiye aliyekuwa mchumba wa Chanuo. Watu walimwita Taratibu, maana tangu ashike usukani hajaipita hata baiskeli bila kuiomba radhi kwa honi.

Ndoa ilikuwa imeshapangwa. Kisha watu fulani wasiojulikana wakatoa video. Sura zao hazikuonekana, walikuwa wamejifunika, lakini walichosema kilisikika vizuri: watalipua, na wataanza na watu maarufu, kwa kuwa maarufu akifa dunia nzima inatetemeka. Haukupita muda Chiriku akapewa pikipiki za kumtangulia, gari la askari la kumfuata, na Mkuu wa ulinzi ambaye kucheka kwake hakuna aliyekushuhudia. Na mama yake Chanuo, muuza nyanya sokoni, akatoa sharti.

"Aache gari la yule mwanamke, au amwache binti yangu," alisema. "Sikuzaa ili nije niokote vipande."

Chanuo alipolifikisha sharti, Taratibu alilikataa. Alilikataa kwa upole, na huo upole ndio uliouma zaidi.

"Nikishuka mimi atapanda dereva mwingine," alisema. "Naye ana mama, naye ana mchumba. Unataka nimwambie nani akae hapa badala yangu?"

Chanuo akavua pete, akaiweka juu ya dashibodi, akashuka na kuubamiza mlango. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Alisuka vichwa vya watu huku moyo wake uko barabarani, na kila honi iliyolia nje ya saluni ilimfanya ainue shingo. Wateja waliona, wakanyamaza, wakaenda kusemea mbele.

Ndipo Mkuu akaja saluni. Alisimama katikati ya viti vya wateja, akamtazama Chanuo kuanzia kisigino mpaka utosini kama mtu anayenunua kabati.

"Kimo chake unacho," alisema. "Shingo yake unayo. Na msuko wake unaujua kuliko yeye mwenyewe."

Akamweleza kazi. Walihitaji mtu wanayemwita kivuli: avae kama Chiriku, akae kwenye gari la Chiriku, awapungie watu mkono kama Chiriku, huku Chiriku mwenyewe akipitishwa njia nyingine ndani ya gari la dobi. Askari wa kike aliyeandaliwa kwa kazi hiyo alikuwa mfupi mno, na ufupi hauna mafunzo.

"Chiriku anajua ni mimi?" Chanuo aliuliza.

"Anajua kuna kivuli. Ni nani, hakuna haja ajue."

"Na dereva?"

"Ataambiwa amebeba askari."

Mwenye akili zake angemwonyesha Mkuu mlango. Chanuo aliuliza swali moja tu, tena huku akijifanya anafuta kioo.

"Dereva ni yuleyule Taratibu?"

"Ndiye."

"Nitakuja."

Mkuu alilichukulia jibu hilo kuwa ushujaa, akamsifu. Masikini, hakujua lolote. Chanuo alikuwa amelala na kuamka na wazo moja: kama kuna mlipuko wa kumchukua Taratibu, usije ukamkuta amekaa peke yake kama mtu asiye na mwenyewe.

*

Taratibu alimfungulia mlango bila kumtazama usoni, kama kazi yake inavyotaka.

"Karibu, afande."

Chanuo aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amevaa gauni la Chiriku, miwani ya Chiriku iliyofunika nusu ya uso, mtandio wa Chiriku wenye matamvua marefu, na wigi alilolisuka mwenyewe mstari kwa mstari. Moyo ndio uliobaki wake, nao ulikuwa unampigia kelele.

Pikipiki ziliwashwa. Msafara ukatoka, na Taratibu akashika mwendo wake uleule wa kubeba mayai. Chanuo alikiangalia kisogo kile. Alikijua kila unywele, yeye ndiye aliyekuwa akikinyoa. Sasa nywele zilikuwa zimeota ovyo shingoni, na hakuna kinyozi aliyekigusa. Roho ikamuuma, na papo hapo ikafurahi.

Halafu akaiona pete. Ilikuwa palepale juu ya dashibodi, alipoiweka siku aliyobamiza mlango. Kona zote hizo, matuta yote hayo ya barabarani, na haijaanguka. Mtu gani huyu anayeendesha gari namna hiyo? Chanuo alitaka kucheka, akataka kulia, akaamua kutazama nje.

Nje, watu walikuwa wamezuiwa kando ya barabara. Wasichana wa shule walirukaruka wakipiga kelele, "Chiriku! Tunakupenda!" Hatua chache mbele, baba mmoja aliyemshika mtoto begani alipiga boneti ya teksi iliyosimamishwa.

"Nina mgonjwa humu!" alifoka. "Na yeye mpisheni basi! Au mpaka aimbe?"

Fundi viatu aliyeketi kibarazani aliongeza, "Pikipiki, gari, bunduki, kwa mtu mmoja! Sisi tukilipuliwa watatuzoa kwa fagio!"

"Mwache," mwenzake alimjibu. "Wakimuua yule, wametuulia furaha yetu sote."

"Furaha haizibi barabara, bwana!"

Chanuo alipunga mkono kama alivyofundishwa. Ndani alihisi aibu na hasira, na hakujua amkasirikie nani, maana kila mmoja alikuwa na haki yake. Aliushusha mkono mapajani. Macho yake yakabaki nje, mikono yake ikatafuta kazi.

Kwenye kioo cha juu, Taratibu alikuwa ameanza kutazama mara kwa mara. Akakohoa.

"Afande, samahani," alisema polepole. "Siku hizi polisi mnafundishwa kusuka?"

Chanuo akatazama chini. Lo! Mikono ya msusi haijui likizo. Matamvua ya mtandio wa Chiriku yalikuwa yameshasukwa, mistari mitatu mitatu, imekazwa na kufungwa mwisho kwa kile kifundo chake cha kuzungusha kidole, ambacho mji mzima hakuna msusi mwingine aliyekiweza.

Taratibu hakugeuka, lakini shingo yake ilikakamaa.

"Chanuo."

"Tazama barabara."

"Chanuo, shuka."

"Gari hili halisimami mpaka lifike. Sheria yako mwenyewe."

"Nani amekuingiza humu?"

"Miguu yangu."

"Usinitanie!" Ndiyo mara ya kwanza Chanuo kumsikia akipandisha sauti. "Unajua kwa nini umewekwa hapo? Ili wakirusha kitu kikupate wewe, kisimpate yeye. Umekuwa chambo! Binti wa watu amekuwa chambo, na mimi ndiye ninayekuendesha!"

"Najua nilipokaa. Wewe unajua ulipokaa? Mkono wangu ukinyooka unakugusa. Au hilo bomu lina macho, linachagua viti?"

"Hii ni kazi yangu."

"Na wewe ni kazi yangu mimi!"

Wasichana wengine walipiga kelele dirishani. Chanuo akatabasamu, akapunga mkono, akaendelea kugomba na tabasamu lilelile mdomoni.

"Uliniambia ukishuka atapanda mwingine, unakumbuka? Nikarudi nyumbani nikakuona mtu mgumu, usiye na huruma nami. Kisha nikalifikiria lile neno nikaona ni la kweli, na hapo ndipo nikakupenda zaidi, ukanitia wazimu. Sasa na mimi nakuuliza. Nikishuka mimi, nani akae hapa?"

Kwenye kioo, macho ya Taratibu yalikuwa yamelowa.

"Sikutaka uje ufe kwa ajili ya hasira," alisema.

"Nani kakwambia nimekuja kufa? Nimekuja kukaa na wewe. Hayo ya kufa wamepanga wao, na mimi sijawapa ruhusa."

"Kichwa chako kigumu."

"Ulikijua kabla ya kunivisha pete."

Taratibu akaitupia jicho ile pete. Alifungua mdomo kusema jambo, na Chanuo, ambaye angetoa chochote kulisikia, aliinama mbele kulipokea. Lakini barabara ilikuwa imeingia sokoni.

*

Sokoni njia ni nyembamba, na watu siku hiyo hawakuja kushangilia. Ile video ilipotoka, wauzaji walikuwa wamekwenda kuomba askari wawili tu wa kukagua mabegi langoni. Wakaambiwa askari hawatoshi. Sasa waliwaona, wamekaa juu ya pikipiki zinazong'aa, wanapita na mtu mmoja.

"Hawatoshi, eh?" sauti za wanawake zilipanda. "Hawa ni nini? Ni vinyago?"

"Mpelekeni kwake akajifungie!"

"Anatuletea mabomu mlangoni!"

Kitu kikaruka, kikapiga kioo usawa wa uso wa Chanuo kwa kishindo.

Alichokumbuka baadaye ni mkono. Kabla hajapiga kelele, mkono wa Taratibu ulikuwa umepita kati ya viti, umemshika kichwa na kumwinamisha, na mwili wake wote ulikuwa umepinda kwa nyuma kumkinga, mkono mwingine ukiwa bado umeng'ang'ania usukani. Kitu chekundu kilitiririka kwenye kioo.

"Ni nyanya," Taratibu alisema, pumzi hana. "Nyanya tu, mpenzi. Ni nyanya."

Hakuondoa mkono, na Chanuo hakumwomba auondoe.

Alipoinua uso, alitazama nje kupitia ule wekundu. Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya meza yake, khanga imekazwa kiunoni, mkononi ana nyanya ya pili. Ilikuwa nzuri, ngumu, isiyo na doa. Mwanamke huyo hakuwa mtu wa kutupa nyanya, hata iliyopondeka huitafutia mnunuzi. Akitupa nzima, ujue ameudhika.

"Simamisha gari," Chanuo alisema.

"Hairuhusiwi."

"Taratibu. Yule ni mama."

Taratibu akatazama. Akamwona. Katika maisha yake yote ya udereva hakuwahi kuvunja sheria hata ya kivuko cha mbuzi. Alikanyaga breki.

Simu ya upepo ikalipuka kwa sauti ya Mkuu. "Gari la kwanza! Kwa nini umesimama? Endelea! Endelea, nasema!"

Taratibu akaizima sauti, akashuka, akazunguka na kumfungulia mlango Chanuo. Safari hii alimtazama usoni.

Chanuo akashuka. Soko lilimpokea kwa zomeo. Akavua miwani. Akavua mtandio. Akalishika wigi utosini, akaling'oa, akasimama na nywele zake mwenyewe zilizolazwa kwa haraka.

Zomeo likafa midomoni.

"Huyu si Chiriku," mtu alisema. "Huyu ni Chanuo! Binti wa Mama Nyanya!"

Mama yake alikuwa bado ameinua mkono. Nyanya ikamponyoka.

"Wewe?"

"Mimi, mama."

"Unafanya nini humo?"

"Nimekaa mahali pa Chiriku, ili kikirushwa kitu kinipate mimi. Cha kwanza umekirusha wewe."

Mama yake aliziba mdomo kwa khanga. Kisha macho yakamhama, yakamkuta Taratibu, na hapo maneno yakarudi yote.

"Wewe kijana! Nilisema umwache binti yangu, ukaona umlete umweke mdomoni mwa simba?"

"Mama, nimemjua njiani," Taratibu alisema. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Naapa, nimemjua njiani. Niliambiwa ni askari."

"Ni kweli, mama," Chanuo alisema. "Hakujua. Nilikuja mwenyewe. Ulisema aache gari au aniache mimi. Yeye hawezi kuacha gari, na mimi siwezi kumwacha yeye. Sasa nifanye nini? Nikae saluni nisubiri redio initangazie?"

Mkuu alikuwa ameshafika, anahema, askari wawili nyuma yake.

"Rudini garini!" aliamuru. "Wote! Mnajua hatari mliyoileta hapa?"

"Hatari?" Mama Nyanya alimgeukia polepole, na wauzaji wenzake, waliomjua, wakasogea kumpa nafasi. "Baba, hatari unaijua leo? Mimi nasimama hapa kuanzia jua linapotoka. Nilikuja ofisini kwako kuomba askari, ukaniambia hawatoshi. Nikasema sawa, hawatoshi. Kumbe askari wametosha, mlichokosa ni mtu wa kufa, mkaja kumchukua kwangu!"

Soko likalipuka kwa makofi. Uso ulimshuka Mkuu, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu wa kawaida aliyechoka.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hapa hapafai kusimama. Nakuomba. Waache waondoke."

"Binti yangu harudi kwenye kile kiti."

"Nitarudi, mama," Chanuo alisema. "Taratibu hapandi gari lile peke yake. Kama nimezaliwa na wewe, unajua sitabadilika."

Walitazamana, mama na mwana, ukaidi kwa ukaidi. Taratibu alitaka kusema kitu, Chanuo akamshika mkono mbele ya soko zima, mbele ya askari, mbele ya mama yake, akaukaza vidole kwa vidole. Mama Nyanya aliutazama ule mkono. Aliuona unavyotetemeka, na aliona kwamba anayetetemeka ni yule mwanamume, na kwamba hata hivyo hakuuachia.

Akavuta pumzi ndefu. Akamgeukia jirani yake wa vitunguu.

"Nitazamie meza."

"Unakwenda wapi?"

Mama Nyanya alikaza khanga upya, akafuta mikono, akamnyang'anya Chanuo miwani ya jua, akaivaa. Akaliendea gari, akapanda kiti cha nyuma, mahali pa Chiriku, akajiweka sawa kama aliyezaliwa humo.

"Mama, haiwezekani!" Mkuu alisema.

"Kwa nini? Kimo sina?"

"Mama, shuka," Chanuo alisema. "Tafadhali shuka."

"Wewe nenda mbele," mama yake alimwambia. "Kaa na mumeo. Hapa nyuma nitakaa mimi."

Chanuo alisimama pale, machozi yanamtoka waziwazi.

"Mama..."

"Usinililie. Nimesimama sokoni bila askari hata mmoja na sikufa. Leo nimepata pikipiki za kunitangulia, ndiyo nife? Nenda mbele, nimesema."

Chanuo akaenda mbele. Taratibu aliingia, akashika usukani kwa mikono miwili, akabaki hivyo hajui aanzie wapi. Chanuo akanyoosha mkono juu ya dashibodi, akaichukua ile pete, akaipangusa vumbi kwenye gauni la Chiriku, akampa yeye amvishe. Alimvisha. Vidole vyake vilikosea mara mbili kabla ya kupata.

"Taratibu," mama alisema nyuma, "ni jina la utani hilo au ndivyo unavyofunga ndoa pia? Washa gari."

Gari likaondoka. Mama Nyanya alishusha kioo chenye nyanya, jambo ambalo Mkuu alilipiga marufuku tangu siku ya kwanza, akatoa mkono na kulipungia soko. Wanawake walipiga vigelegele mpaka pikipiki zikapoteza mstari.

Mbele kidogo, Taratibu akaifungua tena simu ya upepo. Ilikwaruza, kisha ikatoka sauti iliyojulikana na kila mwenye masikio, sauti ya Chiriku mwenyewe, ikiwa imejificha mahali fulani kati ya mashuka ya dobi.

"Taratibu, nasikia mmesimamishwa. Mko salama? Nani amekaa kwenye kiti changu?"

Taratibu alimtazama Chanuo. Kisha akatazama kioo cha juu, na ndani ya kioo miwani mikubwa ya jua ilikuwa ikimtazama, inasubiri jibu. Alibonyeza kitufe.

"Mama mkwe wangu, bibie."

"Sijasikia vizuri," mama alisema kutoka nyuma. "Sema kwa nguvu. Na wale waliojifunika nyuso nao wasikie."